Tope la Januari, na mwenzako aliyekutangulia

SWALI: Shikamoo kocha. Mimi ni muuguzi, kwetu Njombe, sasa nina mwaka wa pili hapa Aylesbury, Uingereza. Nakimbia kwenye lami mara tatu kwa wiki. Kilomita 10 namaliza chini ya saa moja kidogo. Mfanyakazi mwenzangu amenialika tukimbie Jumamosi moja katikati ya Januari, kilomita 14 kuanzia Wendover, kupita mashambani na msituni. Anasema tope litakuwepo la kutosha, halafu anacheka. Yeye mzoefu, mimi sijawahi. Nivae nini? Viatu vyangu vya lami vitafaa? Na nikimchelewesha? Tena anakuja na mbwa wake, na mimi mbwa nawaogopa. Nyumbani wananiambia baridi hiyo si ya watu wa kwetu, nitarudi na nimonia.

JIBU: Marahaba, dada. Nianze na hao wa nyumbani, maana maneno yao ndiyo yanayokaa kichwani mtu anapofunga kamba za viatu.

Mtu wa Njombe kuambiwa haijui baridi ni mzaha. Juni na Julai kwenu watu hawavui makoti, na kule Makete kuna asubuhi nyasi zinaamka nyeupe kwa sakitu. Nimonia wewe unaijua kuliko mimi: inaletwa na vimelea, si na upepo wa Wendover. Na mbio za nyika, ambazo ndizo mama wa hiki unachokwenda kufanya, hazijawahi kuwa mali ya wazungu peke yao. Mwaka 1992 mbio za nyika za dunia zilifanyika Boston, Marekani, theluji ikiwa chini, na John Ngugi wa Kenya akaondoka na ubingwa wake wa tano. Mashindano hayohayo yalipoletwa Mombasa mwaka 2007, joto na unyevu wa pwani ndivyo vilivyowamaliza watu. Kenenisa Bekele wa Ethiopia, aliyekuwa hajafungwa kwenye mbio hizo tangu 2002, alijitoa njiani. Kwa hiyo mwili unaokimbia kwenye nyuzi 3 au 4 za Selsiasi uko mahali pazuri kuliko unavyodhani.

Nimesema unaokimbia. Hapo ndipo jibu langu lote lilipo, na mengine yote nitakayokuambia yanatoka hapo. Ukikimbia, sehemu kubwa ya nguvu unayotumia, robo tatu au zaidi, inageuka joto. Wewe ni jiko linalotembea. Jiko hilo likizimwa ghafla, kwa sababu umeteguka, mmepotea njia, au mwenzako amesimama kupiga picha, unabaki na nguo zilizolowa jasho na tope, na maji huondoa joto mwilini kwa kasi ya takribani mara 25 kuliko hewa. Dakika kumi zinatosha kukubadilisha.

Nililijua hili kwa gharama. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa na rafiki yangu kwenye msitu mmoja kusini mwa Uingereza, siku ya Februari, mvua nyembamba ile isiyosikika. Nikakanyaga mzizi, kifundo kikageuka, nikakaa kwenye gogo. Gari lilikuwa kilomita mbili. Nikamwambia, "Wewe nenda kalete gari mpaka pale barabarani, mimi niko salama." Naye akaenda mbio, na begi mgongoni. Ndani ya begi mlikuwa na koti langu, glavu kavu na blanketi la dharura. Aliporudi baada ya dakika 35 nilikuwa nimeshindwa kufunga zipu yangu mwenyewe. Vidole vilikuwa vya mtu mwingine. Nilikuwa nimeongea naye kama mlevi, yeye ndiye aliyenisimulia baadaye. Tulikuwa watu wazima wawili, tumekimbia miaka mingi, na begi likaondoka na yule asiyelihitaji.

Sasa nguo. Toka kwenye gari ukisikia baridi kidogo. Kama pale maegesho unajisikia vizuri, umevaa nguo nyingi, na baada ya kilomita mbili utakuwa umelowa kwa ndani. Fulana ya pamba iache nyumbani kabisa. Inakunywa jasho na haikauki. Ngozini vaa fulana ya mikono mirefu ya kitambaa cha michezo au ya sufu laini, juu yake koti jepesi la kuzuia upepo, chini suruali ya kubana. Soksi za sufu zinazopanda juu ya kifundo. Glavu pea mbili, moja mkononi na moja kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa. Kofia ya sufu, na kama umesuka nywele itafute pana mapema, maana ya kawaida itakuwa inaruka juu safari nzima.

Begini, hata kama mwenzako anakuambia ni kilomita 14 tu: koti la mvua la kweli, fulana moja nzito kavu, kitu cha kula chenye sukari, filimbi, na lile blanketi jembamba linalong'aa au mfuko wa dharura. Simu iweke karibu na mwili, kwani baridi hula betri, na kumbuka kioo hakisikii kidole chenye glavu iliyolowa. Namba ya dharura ni 999, na 112 inafanya kazi vilevile. Leo, ukiwa umekaa na chai, tuma neno "register" kwenda 999 kwa ujumbe mfupi na ufuate maelekezo. Baada ya hapo unaweza kuomba msaada kwa ujumbe pale ambapo mtandao ni hafifu na sauti haipiti. Wengi waliozaliwa huku hawajafanya hivyo.

Viatu. Hapa naomba tukae, kwa sababu tope la huko uendako lina tabia yake.

Vilima vya Chilterns ni chaki tupu ndani. Lakini juu, kwenye migongo ya vilima palipo na misitu, chaki imefunikwa na udongo wa mfinyanzi uliochanganyika na mawe ya gumegume. Mgeni hutarajia tope bondeni na pakavu kileleni. Huko mara nyingi utakuta kinyume: unapanda, unahema, unadhani sasa ardhi itakauka, ndipo unaingia kwenye tope zito linalovuta kiatu kama limekudai. Chembe za mfinyanzi ni ndogo kuliko sehemu mbili za elfu moja za milimita, nazo ni bapa. Maji yakiingia katikati yake hayatoki haraka, na zinateleza moja juu ya nyingine. Ndiyo maana tope hilo linanata na kuteleza kwa wakati mmoja, jambo ambalo mtu wa mchangani hawezi kulielewa mpaka alione. Mteremkoni, palipobaki chaki wazi, maji yanapita vizuri, ila uso wake ukilowa ni kama sabuni iliyoachwa kwenye beseni.

Viatu vya lami kwa hiyo havifai. Sisemi kwa kukutisha: kupanda utapanda, ila kuteremka kwenye chaki iliyolowa utateremka kwa makalio. Tafuta viatu vya njia za porini vyenye meno ya milimita 5 au 6, tena meno yaliyoachana. Yakibanana, tope linajaa katikati na baada ya hatua ishirini soli yako ni bapa tena. Usidanganyike na viatu vilivyoandikwa kwamba havipitishi maji. Maji ya huko hayaingii kwa kupenya kitambaa, yanaingia kwa juu, pale unapozama hadi kifundoni, na yakishaingia ndani hayatoki. Utakuwa umebeba madimbwi mawili. Kiatu kinachoingiza maji na kuyatoa ndicho chako. Miguu italowa. Ikilowa huku inakimbia, itapata joto, utasahau. Gambuti, usije nazo. Kamba funga fundo mara mbili, na miisho yake ichomeke ndani, kwa sababu tope lina uwezo wa kukuvua kiatu na kukuacha umesimama kwa mguu mmoja kama korongo. Kama hutaki kununua vipya kwa safari ya kwanza, maduka ya hisani ya miji kama yenu na masoko ya mtumba ya mtandaoni huwa navyo, watu hununua Desemba wakaacha Machi.

Jinsi ya kukimbia kwenye tope hilo wewe unajua tayari, ila hujui kwamba unajua. Kimbia kama umebeba ndoo ya maji kichwani kwenye ile njia ya kutoka kisimani wakati wa mvua. Kifua kimetulia, hatua fupi, mguu unatua chini ya kiuno wala hauendi kutafuta mbele, na unaondoka upesi kabla haujazama. Tofauti ni mikono tu: hapa iko huru, iache ipanuke pembeni kama mbawa. Ukifika kwenye dimbwi, pita katikati. Mtoto wa mjini huzunguka pembeni, na pembeni ndiko kunakoteleza, tena kila anayezunguka anaipanua njia na kukanyaga mimea. Mizizi ikatize kwa pembe mraba, usiikanyage kwa urefu wake. Ikichubuka gome na kulowa ni kama bomba lililopakwa mafuta. Misitu ya huko ina ile miti mirefu ya jamii ya mwaloni, yenye gome laini la kijivu, na mizizi yake haiendi chini sana, inatambaa juujuu. Januari majani yake yako ardhini, mazito, ya rangi ya shaba, yamefunika mizizi na gumegume. Kwa hiyo mahali panapoonekana kama zulia ndipo pa kupunguza mwendo. Na langoni mwa shamba, walipopita ng'ombe au farasi wote kwenye upana wa mita tatu, tembea tu. Hakuna nishani pale.

Kuna asubuhi moja ninayoiogopa kuliko ya mvua. Ni ile usiku umeganda, tope limekuwa jiwe lenye makovu ya kwato, halafu jua likatoka saa nne likayeyusha sentimita moja ya juu. Chini mwamba, juu grisi. Utabiri ukionyesha hivyo, mwambie mwenzako mbadilishe njia, au mtembee.

Sasa hilo la kumchelewesha, ambalo nadhani ndilo lililokufanya uandike.

Kwanza hesabu. Mwaka 1892 Mskoti mmoja, Naismith, alitoa kanuni ambayo watu wa milima bado wanaitumia, na kwa lugha ya leo inakuja karibu na hivi: kila mita 100 za kupanda zihesabu kama mita 800 za ziada kwenye tambarare. Njia ya kilomita 14 kutoka Wendover ikikupandisha jumla ya mita 350, jambo la kawaida kabisa vilimani huko, tayari ni kama kilomita 17, na bado hatujagusa tope. Wewe unayekimbia kilomita kwa dakika kama 5 na sekunde 50 kwenye lami, jiandae kwa dakika 8 na zaidi. Saa mbili, au mbili na robo. Saa yako ya mkononi itakutukana njia nzima. Ifunike na mkono wa koti. Pima kwa pumzi: kama huwezi kusema sentensi nzima, unakwenda kasi. Vilima vikali tembea, mikono magotini, hata mabingwa wanafanya hivyo. Jua katikati ya Januari linachomoza karibu saa 2 asubuhi na kuzama kama saa 10 na dakika 20 jioni, na msituni giza linatangulia. Mkianza saa 3 au saa 4 asubuhi mna nafasi ya kupotea na bado mkarudi kwa mwanga.

Pili, mwenzako. Wakimbiaji wawili wenye mwendo tofauti wana ugomvi mmoja wa kudumu. Mwepesi anatangulia, anasimama juu ya kilima, anangoja, anapoa. Mzito anafika anahema, na mwepesi, ambaye sasa amepumzika na ameanza kutetemeka, anasema "twende". Kwa hiyo yule anayehitaji pumziko halipati, na asiyelihitaji limempa baridi. Wote wawili mmepoteza. Dawa yake ni ndogo. Wewe mzito ukae mbele penye njia nyembamba, ili mwendo uwe wako. Naye akitaka kukimbia zaidi, akifika juu asisimame: ageuke arudi kukupokea, mpande tena pamoja. Atakimbia kilomita 16 wewe 14, na hakuna aliyesubiri. Mweleze hivyo kabla ya Jumamosi, bila kuomba radhi. Mimi nikialikwa na mtu aliyenizidi huwa nasema, "Leo mwendo ni wangu, mazungumzo ni yako," na sijapata aliyekataa.

Tatu, mapatano ya kuumia. Yafanyeni kwenye maegesho, yanachukua dakika moja: kila mtu abebe begi lake mwenyewe. Aliyeumia akikaa, avae kila kitu kilichopo kabla mwingine hajaondoka, nawe umwone amevaa. Akae juu ya begi au matawi, si juu ya ardhi tupu. Kama wa kwenda ni mmoja, aache koti lake pia. Yeye anakimbia, ana jiko lake. Na wewe muuguzi umwangalie usoni: kutetemeka ni habari njema, mwili unapigana. Maneno yakianza kuburura, akikwaa ovyo, au mtetemeko ukikoma huku hajapata joto, hapo piga 999 bila kusubiri. Pombe marufuku, na usimsugue miguu.

Njia yenyewe utaipenda. Sijui mwenzako amechora mzunguko gani, ila kutoka Wendover watu wengi hupanda Coombe Hill, mita 260, ambako kuna mnara wa kumbukumbu ya askari wa Buckinghamshire waliokufa katika Vita vya Makaburu, na bonde lote la Aylesbury linakuwa chini yako. Unaweza kutafuta hospitali yenu. Huko inapita njia ya kale iitwayo Ridgeway, kilomita 139 kwa urefu wake wote, na kusini kidogo inakatiza barabara ya kuingilia Chequers, nyumba ya mashambani ya Waziri Mkuu. Njia ni ya umma, pita bila wasiwasi, ila usiiache hata hatua moja pale. Kuingia kwenye eneo lile ni kosa la jinai. Kwingine kote fuata mishale iliyopigiliwa kwenye nguzo: ya njano ni ya waenda kwa miguu, ya buluu na farasi wanaruhusiwa, na kwato zao maana yake tope zaidi. Penye mishale hiyo huhitaji ruhusa ya mtu, hata katikati ya shamba la ngano. Mkulima akishalima juu ya njia, sheria inampa siku 14 kuirudisha ipitike. Kama hajairudisha, udongo utakushika kila soli kilo moja; endelea tu kwenye mstari wa njia.

Utasikia milio ya bunduki. Usilale chini. Mpaka tarehe 1 Februari ni msimu wa kuwinda ndege fulani mwenye mkia mrefu, mkubwa kama jogoo, ambaye atakurukia kutoka kichakani kwa kelele na kukutoa roho kuliko bunduki yenyewe. Jumamosi ni siku yao. Vaa rangi kali, ongeeni kwa sauti, mkiona wawindaji simameni mkaonekane, watawapungia mpite. Na tazama juu: wale mwewe wekundu wenye mkia wa panda walikuwa wametoweka England yote, wakabaki wachache Wales tu, kabla ya kurudishwa Chilterns kutoka Hispania kati ya 1989 na 1994. Sasa wako wengi kiasi kwamba wenyeji hawainui tena shingo. Jambo jingine utakaloliona: Aylesbury mtu anaweza kupishana nawe mlangoni akatazama viatu vyake, lakini kwenye njia ya shamba kila mtu anakusalimu. Itikia kwa nguvu zote. Ni kama kwetu, salamu ni ya njia, si ya mtu.

Mkirudi kwenye gari, msimalizie hadithi mkiwa mmesimama. Hapo ndipo watu wengi wanapopata baridi ya siku nzima. Kila kilicholowa juu ya kiuno kitoke, sidiria ikiwamo, ndani ya dakika tano. Waingereza wamenunua majoho makubwa ya bei kubwa kwa kazi ya kubadilishia nguo hadharani. Wewe chukua kanga mbili kabatini. Chupa ya chai ya tangawizi iwe tayari kwenye gari, na uje na ya kumtosha yeye pia. Viatu vioshe kwa maji baridi siku hiyohiyo, vijaze magazeti, uyabadilishe usiku. Usiviweke juu ya hita, gundi inaachia.

Umebaki mbwa. Mwandikie leo, kwa ujumbe, kwamba unaogopa mbwa na usingependa wake akurukie. Hatakucheka, huku watu wanaheshimu hilo likisemwa mapema kuliko likionekana usoni langoni mwa shamba. Mwombe amfunge kamba mwanzoni, dakika kumi za kwanza mtembee kabla ya kukimbia, mbwa akiwa upande wake wa mbali na wewe. Penye kondoo atamfunga kwa vyovyote, maana Januari kondoo majike wengi wana mimba na wakikimbizwa wanaweza kuiharibu. Jambo la kumkatalia ni moja: mbwa asifungwe kiunoni mwa mwenzako mnapoteremka kwenye chaki, nawe ukiwa mbele. Mbwa akimwona sungura, wote watatu mtafika chini kwa pamoja.